TAHADHARI: Muuza "FL Studio orijino" wa Kariakoo ni TAPELI

Wanangu wa studio, hasa nyie wa singeli: yule jamaa wa laptop anayeuza FL Studio (programu ya kutengenezea muziki), ambaye namba yake mlinipa nyie wenyewe, ni mwizi. Namba siweki hapa, anayemjua anamjua.

Mtu kakaa kwenye kiti changu, kanywa soda yangu, kaniangalia machoni: "Kaka, hii siyo kreki, siyo ya wizi iliyovunjwa ulinzi. Ni FL Studio yenyewe, vijana wetu wameibadilisha tu iwe nyepesi na kuitilia midundo ya singeli. Ukishalipa ni yako, wagawie na madogo zako." Akatoa risiti. Risiti ina muhuri jamani! Ina jina langu, ina neno LESENI kwa herufi kubwa. Akagonga biti palepale, kiki inapiga mpaka jirani kachungulia dirishani. Nikamrushia laki na nusu kwenye simu, jina lililotokea kwenye muamala likalingana na la kitambulisho alichonionyesha. Hapo nani angekataa? Na nyie mlishamsifia!

Sasa ile kazi ya muziki wa tangazo la kampuni ya unga (Side ulikuwepo, nyamaza). Mwanasheria wa kampuni anataka uthibitisho wa leseni, mimi huyo kifua mbele na karatasi yangu. Akaicheka. Akasema nifungue pale programu inapoonyesha jina la mwenye leseni. Jina siyo langu, ni la genge la wakrakaji! Tangazo likaenda studio nyingine. Haikupita wiki, virusi vikafunga mafaili yangu yote, kila folda ina barua ya kudai dola. Albamu ya dogo imo humo.

Na huko kugawa alikonihubiria ndiko kungenipeleka pabaya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda wimbo wako. FL ni ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji. Kuichokonoa, kuitilia midundo na kuisambaza bila ruhusa yao ni kosa, uwe umelipia au hujalipia. Anayetaka ya kubadilisha na kugawa achukue LMMS, programu nyingine ya muziki; leseni yake ya GPL, ya programu huria, inaruhusu, na ni bure.

Huyu mtu akamatwe. Apelekwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, apelekwe polisi wa makosa ya mtandao, zile flashi zake zichomwe mbele yake, na laki na nusu yangu airudishe mkononi!

Ah, dalili za utapeli nilizopaswa kuziona. Alizima antivairasi kabla ya kuingiza. Akanikataza kuiapdeti milele, wakati ukinunua FL halali matoleo mapya unapewa bure. Hakuniuliza barua pepe wala kunifungulia akaunti kwa jina langu.

Aliyemwona karibuni pale Mtaa wa Aggrey anicheki inbox. Sasa hivi, siyo kesho.