Dampa ya usukani: ipi ununue, na ipi uiache dukani

Usukani ukishatapatapa mikononi mwako mara moja, pikipiki ikiwa kwenye kasi, kesho yake utaanza kuulizia dampa, kile kifaa cha kutuliza usukani. Ni haki yako. Ila kabla hujatoa hela, inua gurudumu la mbele lisiguse chini, shika miguu ya shokapu za mbele kule chini, kisha sukuma na kuvuta. Ukisikia "tok", beringi za shingo zimelegea. Zungusha usukani polepole kutoka kushoto hadi kulia. Ukikwama kidogo pale katikati, kana kwamba kuna kishimo unachotumbukia, beringi zimeshachimbika na hazina dawa ila kubadilishwa.

Pikipiki inayotikisa usukani ukiachia mikono huku mwendo ukipungua, hasa kwenye kilomita 60 hadi 80 kwa saa, mara nyingi inalalamikia mambo ya kawaida kabisa: tairi la mbele lililoliwa vibaya, upepo mdogo, gurudumu lisilo na balansi, shingo iliyolegea, au boksi la nyuma lililojazwa kupita kiasi. Dampa itanyamazisha malalamiko hayo, na beringi zitaendelea kufa kimyakimya. Kwa hiyo katika orodha yangu hayo yanatangulia, hata kama hakuna muuzaji atakayekushauri hivyo.

Ukishayamaliza na bado usukani wa pikipiki ni mwepesi kupita kiasi, kwa mfano ni ya michezo, shingo yake imesimama wima, gurudumu la mbele linapenda kuelea ukifungua mafuta, au unapita kwenye mawe na makorongo kwa kasi, sasa tuzungumze.

Kazi yenyewe

Dampa ni silinda yenye oili, pistoni na vali; ile ya kawaida ina fimbo inayosukuma pistoni. Ukigeuza usukani taratibu, oili inapita bila shida. Usukani ukirushwa ghafla, oili inabanwa kwenye tundu dogo na inapinga. Basi.

Kosa kubwa la wanunuzi ni kudhani kwamba inayokaza zaidi ndiyo bora. Mwaka 1971 mtafiti Mwingereza Robin Sharp alichambua kihesabu namna pikipiki inavyopoteza utulivu, na miongoni mwa mienendo aliyoitenga kuna miwili inayotuhusu hapa. Mmoja ni kutapatapa kwa sehemu ya mbele peke yake, haraka haraka, mara sita hadi kumi hivi kwa sekunde. Mwingine ni kupepesuka kwa pikipiki nzima, mbele na nyuma kwa pamoja, polepole zaidi, mara mbili hadi nne hivi kwa sekunde, na huja kwenye mwendo mkubwa. Dampa inatuliza ule wa kwanza. Ule wa pili, dampa iliyokazwa sana inauzidisha. Tena kwenye mwendo wa kutambaa hali ni mbaya zaidi, kwa sababu pikipiki inasimama wima kutokana na visogeo vidogo vidogo vya usukani. Ukivizuia, utayumba barabarani kama mtu anayejifunza.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa muuzaji haliwi "inakaza kiasi gani?" Nauliza ikilegezwa mpaka mwisho inakuwa nyepesi kiasi gani. Dampa nzuri ikifunguliwa yote unakaribia kusahau kwamba ipo.

Jaribio la mezani halihitaji spana hata moja. Shika fimbo, isukume polepole: iende laini, bila kunata mwanzoni. Isukume kwa nguvu: ikatae. Kisha geuza mwelekeo haraka, ndani nje, ndani nje. Ukihisi sehemu tupu ambapo fimbo inasogea bila upinzani, kuna hewa ndani ya oili. Usiichukue. Kutapatapa huanza na kisogeo kidogo sana, na kisogeo hicho kitamezwa chote na hiyo nafasi tupu.

Namba moja kwa barabarani: ya fimbo, yenye kliki za kukaza na kulegeza, iliyotengenezewa pikipiki yako

Hapa majina kama Öhlins na Hyperpro yamejijengea heshima, na unacholipia ni usahihi wa vali, kliki zenye tofauti halisi kati ya moja na nyingine, na sili zinazobadilishika zikichoka. Hyperpro wanayo pia aina wanayoiita RSC, ambayo upinzani wake hupanda kadiri usukani unavyosogezwa kwa kasi, ili matembezi ya kawaida yabaki mepesi.

Lakini nikilazimika kuchagua kati ya dampa ya hali ya juu yenye vibano (vile vinavyoishikiza kwenye pikipiki) vya kuungaunga, na dampa ya wastani yenye vibano vilivyokatwa kwa ajili ya modeli yangu, nitachukua ya pili bila kusita. Ajali za dampa huanzia kwenye vibano. Geuza usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia: vizuizi vya fremu lazima viguse kabla fimbo haijafika ukingoni mwake. Ikiwa fimbo ndiyo inayofika kwanza, umeigeuza dampa kuwa kizuizi cha usukani, na siku pikipiki ikianguka hata ikiwa imeegeshwa, fimbo itapinda au kibano kitavunjika. Fimbo iliyopinda inaweza kukufungia usukani katikati ya kona. Pima urefu wa safari ya fimbo kabla ya kulipa. Na kibano kinachobana bomba la shokapu usikikaze kwa hasira. Bomba likibonyea, shokapu itaanza kunata na utakuwa umenunua tatizo jipya.

Namba moja kwa vumbi na mawe: ya mzunguko

Porini adui ni jiwe linalopiga tairi pembeni na kukunyang'anya usukani, pamoja na mikono inayochoka baada ya saa mbili. Dampa ya mzunguko inakaa juu ya shingo, karibu na usukani, mahali ambapo ukianguka haiguswi kirahisi. Scotts, inayotengenezwa na Öhlins, ndiyo ninayoiweka juu, kwa sababu ina marekebisho matatu tofauti: upinzani wa kawaida, upinzani wa pigo la ghafla, na eneo la mzunguko ambamo inafanya kazi. Tena inapinga usukani unapotoka katikati na kuuacha urudi kwa uhuru. GPR wana falsafa nyingine, kitufe kimoja cha kuzungusha na upinzani pande zote mbili. Wapo wanaoipenda hivyo kwa sababu hakuna cha kuwaza.

Angalia mambo mawili. Ikikaa chini ya usukani, usukani unapanda, na waya za klachi na breki zinaweza kukosa urefu. Na nguzo inayofungwa kwenye fremu, ile inayoushika mkono wa dampa, lazima isimame imara. Ikicheza hata kidogo, dampa yote ni pambo.

Za kielektroniki

Honda waliweka ya aina hii kwenye CBR1000RR ya 2004: kompyuta inasoma mwendo na uongezaji kasi, kisha inafungua au kubana vali yenyewe. Ni suluhisho zuri mno, kwa yule ambaye pikipiki yake ilitoka nayo kiwandani. Kuinunua iliyotumika na kuifunga kwenye pikipiki isiyo na kompyuta yake ni kujitwisha chuma.

Zilizotolewa kwenye pikipiki nyingine

Nafasi ya tatu, na si ya aibu. Viwanda huwa vinaziweka kwa sababu; Suzuki ililazimika kuzirudisha kwa mafundi wake pikipiki za TL1000S za 1997 na kuzifungia dampa. Ukipata moja isiyovuja, fimbo imenyooka, haina mikwaruzo, na safari yake inalingana na shingo yako, chukua. Kumbuka tu kwamba nyingi hazina marekebisho.

Za msuguano, zile za kitasa cha kukaza juu ya shingo, ziachie pikipiki za zamani na zenye kigari cha pembeni. Zinakataa kisogeo cha polepole sawasawa na cha haraka, kinyume cha tunachotaka.

Mwisho kabisa: za "kufaa pikipiki zote"

Nilifunga moja. Wiki ya kwanza nilijisifu. Miezi mitatu baadaye fimbo ilikuwa imelowa oili, na pale katikati palikuwa na utupu wa karibu nusu sentimita. Kliki zilikuwa nyingi, zenye mlio mzuri, na zote zilikuwa zinafanya kitu kimoja.

Ukishafunga uliyoichagua, anza kliki zikiwa zimefunguliwa zote. Ongeza moja, endesha njia ileile, ongeza nyingine. Ukianza kuyumba kwenye mwendo wa kutambaa, umepita, rudisha mbili. Asubuhi za baridi kali oili huwa nzito, kwa hiyo usiseti ukiwa ndiyo kwanza unatoka nyumbani. Na ukifika nusu ya kliki zote huku usukani bado unatapatapa, inua tena lile gurudumu la mbele.