Shotcut na vipande vya nyimbo: inafaa kwa video ya sherehe ya nyumbani?

Anayetengeneza video ya ayie (sherehe ya Kiluo ya kukubali posa), harusi au mahafali kwa laptopu yake hapa Kisumu hukwama mahali pale pale. Picha zimepangika, maneno ya wazee yanasikika, lakini wimbo unaingia kwa kishindo na unatoka kama redio iliyopotelewa na stima. Shotcut ni programu ya bure ya kuhariri video inayoweza kuondoa dosari hiyo, na kwa kazi hii moja ya vipande vya nyimbo inastahili nyota 4 kati ya 5. Nyota moja imeponyoka kwa sababu mbili. Zote mbili zinaelezwa hapa kwa kirefu, kwa maana ndizo zinazowafanya wengi waitupe programu nzuri wakidhani ni mbovu.

Kuhusu mashine, mambo ni machache. Shotcut inapakuliwa kwenye shotcut.org, inakubali Windows, macOS na Linux, haidai malipo wala haibandiki nembo yake kwenye video yako. Wazo lake lilianzishwa na Charlie Yates mwaka 2004, na Shotcut inayotumika leo ni kazi ya Dan Dennedy. Watengenezaji wanapendekeza RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) ya GB 8 kwa video za HD. Laptopu yenye GB 4 itajikokota, lakini kuna dawa: kwenye menyu ya Settings tafuta Preview Scaling uchague 360p. Hapo picha unayoitazama ukiwa kazini ndiyo inayopungua, ila video ya mwisho inatoka na ubora wake wote. Stima ikipotea na betri imechoka, usihangaike sana, kwani programu hujihifadhia kazi yenyewe na ukiiwasha tena hukuuliza kama irejeshe.

Kuweka wimbo ni rahisi. Bonyeza Ctrl+U upate treki ya sauti, yaani mstari wa kupangia sauti, iite A1, kisha buruta faili la wimbo hadi hapo. Sogeza kijiti kinachotembea hadi mahali unapotaka kukata, bonyeza S, na wimbo unagawanyika. Kipande usichokihitaji kichague ubonyeze Z, nacho kinaondoka na kuacha pengo. Ukibonyeza X badala ya Z, kinaondoka na vilivyo mbele yake vinasogea kuziba pengo. Hizi herufi mbili ndizo chanzo cha malalamiko mengi ya "nyimbo zimehama zenyewe". Ukifuta picha kwa X kwenye treki ya video, picha zote zinazofuata zinarudi nyuma huku wimbo ulio chini ukibaki palepale, na gitaa ulilolipanga liingie bibi harusi anaposhuka kwenye gari sasa linaingia akiwa amekwisha keti. Maliza kupanga picha kwanza, nyimbo zifuate. Ukilazimika kugusa picha baadaye, tumia Z, halafu uzibe pengo kwa picha nyingine.

Kufifisha kunafanywa kwa mkono. Peleka kipanya juu ya kipande cha wimbo, utaona kiduara kidogo kwenye kona ya juu kushoto na kingine kulia. Cha kushoto ukikivuta kuelekea ndani, sauti inapanda taratibu. Cha kulia ukikivuta ndani, inashuka. Unaona muda ukiongezeka kadiri unavyovuta. Ukitaka namba kamili, fungua kidirisha cha vichujio (Filters), chagua "Fade Out Audio" na uandike muda. Sehemu hii imetengenezwa vizuri sana, na hata mtoto wa darasa la sita ataielewa kwa dakika tano.

Lakini hapo ndipo penye sababu ya kwanza. Mshuko wa kawaida wa Shotcut hutoka desibeli 0 hadi -60 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) kwa mstari ulionyooka. Tuseme umeomba sekunde 4. Baada ya sekunde 1 wimbo uko -15, baada ya sekunde 2 uko -30. Kwenye video ya nyumbani yenye watoto wanaocheza, sufuria zinazogongana na upepo wa ziwa, wimbo ulio -30 umeshamezwa na hausikiki. Kwa hiyo ulichoomba ni sekunde 4, sikio limepata 2. Upande wa kupanda ni hivyo hivyo kinyumenyume: nusu ya kwanza haisikiki, wimbo unaonekana umechelewa, na mwenye kazi anaanza kuusogeza huku na huku bila kujua kosa liko wapi. Kama unataka mshuko wa sekunde 4 unaosikika, omba 7 au 8. Kama unataka wimbo uanze kusikika picha fulani inapotokea na umeweka mpando wa sekunde 3, anza kipande sekunde moja na nusu kabla ya picha hiyo.

Mwenye subira atapata mshuko mzuri zaidi kwa kichujio cha "Gain / Volume". Bonyeza ile alama ya saa pembeni mwa kitelezi ili uweze kupanda fremu kuu, yaani alama zinazosema sauti iwe kiasi gani wakati gani. Weka 0 mwanzoni mwa mshuko, -6 baada ya sekunde 2, -14 baada ya sekunde 4, na -40 baada ya sekunde 6, kisha ukate kipande hapo. Wimbo unaondoka kama mtu anayetembea kwenda zake, haudondoki.

Sababu ya pili ni fremu, yaani picha moja moja zinazounda video. Shotcut hukata sauti kwenye mpaka wa fremu ya picha. Mradi wa fremu 25 kwa sekunde unakupa hatua za milisekunde 40, na kati ya hatua moja na nyingine huwezi kugusa. Kwa hotuba haidhuru. Kwa muziki inadhuru, na inategemea muziki gani.

Chukua nyatiti. Ala hii ina nyuzi 8, na mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu anachogongea ala yenyewe ili kushika mwendo. Kuza mawimbi ya sauti utaona pigo hilo la chuma kama mwiba mwembamba uliosimama, unaojirudia kwa nafasi sawa, huku mlio wa nyuzi ukiwa manyoya mafupi katikati. Kata fremu moja kabla ya mwiba, kipande kitaanza kwa mguu kama alivyokusudia mpigaji. Ukikata katikati ya miiba miwili, hata ukipandishe kipande taratibu namna gani, msikilizaji anayeijua nyatiti atahisi amevutwa mkono akiwa hajakaa sawa. Kufifisha huficha kishindo cha kuingia, mwendo uliokatwa vibaya haufichiki.

Benga inataka uamuzi mwingine. Nyimbo nyingi za benga zina sehemu ya kuimba, kisha magitaa yanaachiwa uwanja na mambo yanachangamka. Kwa video yenye watu wanaozungumza, chukua sehemu ya magitaa, kwa kuwa maneno ya mwimbaji na maneno ya shangazi hayawezi kusikilizwa pamoja. Kumbuka pia kwamba rekodi za zamani zilitoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45, na wimbo mrefu uligawanywa pande mbili, sehemu ya kwanza na ya pili. Ndiyo maana mara nyingi faili ulilo nalo linakatika ghafla au linafifia magitaa yakiwa yamepamba moto. Kuunganisha pande hizo ndani ya Shotcut ni kujitesa, maana kosa la milisekunde 40 kwenye mdundo wa haraka linasikika kama mpiga ngoma amejikwaa. Fanya kazi hiyo kwenye Audacity, ambayo nayo ni ya bure na haifungwi na fremu. Chagua mahali, bonyeza Z ili mipaka ya uteuzi isogee hadi pale wimbi linapokata sifuri, kisha unganisha. Ukikata wimbi likiwa juu au chini ya sifuri, spika hutoa "tap" ndogo kavu. Hifadhi kwa WAV ya Hz 48000, kwa sababu ndiyo kasi ya kawaida ya sauti ya video, tena MP3 huongeza ukimya kidogo mwanzoni unaoharibu vipimo vyako.

Jambo jingine la rekodi za zamani ni sauti kutoka sikio moja tu. Shotcut ina kichujio cha "Copy Channel" kinachonakili upande mmoja kwenda wa pili. Kiweke kabla ya kichujio kingine chochote.

Kuhusu kuhama kutoka wimbo mmoja hadi mwingine, programu inakubali kupishanisha vipande viwili kwenye treki moja, kimoja kinashuka kingine kikipanda. Inafanya hivyo bila taabu, ila kwa nyimbo za midundo tofauti mpishano wa sekunde 3 ni sekunde 3 za kelele. Weka nyimbo kwenye treki mbili, A1 na A2, kila moja na mshuko wake. Na bora zaidi, acha sauti ya tukio lenyewe iwe daraja. Kama upande wa bwana harusi umetoka Kakamega na isukuti imepigwa uwanjani, usiifunike kwa wimbo wa dukani. Ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, nawe unayo hapo imerekodiwa kwa simu. Shusha benga, iache isukuti sekunde 15 au 20 peke yake, kisha ndipo upandishe wimbo unaofuata. Upepo ukiwa umeingia kwenye maikrofoni, jaribu kichujio cha "High Pass", kinachopunguza sauti nzito za chini, kwenye Hz 80 hivi. Ukipanda zaidi, ngoma kubwa inabaki ganda tupu.

Hotuba ndiyo mahali Shotcut inapong'ara. Bibi anapofungua mdomo kubariki, wimbo usizimwe, ushuke tu. Fremu kuu nne zinatosha kwenye "Gain / Volume": 0 sekunde moja kabla hajaanza, -18 anapoanza, -18 anapomaliza, na 0 tena sekunde moja na nusu baadaye. Kurudi kuwe polepole kuliko kushuka, ili neno lake la mwisho lisikanyagwe. Kabla ya hayo, sawazisha nyimbo zote kwa "Normalize: Two Pass", kwani rekodi ya zamani na ya siku hizi hupishana sana kwa nguvu, na bila kusawazisha -18 ya wimbo mmoja si sawa na -18 ya mwingine. Kipimo chake cha kawaida ni LUFS -23 (LUFS hupima ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia). Kiache hivyo kwa zote, kisha upandishe sauti ya mradi mzima mwishoni.

Video za simu nyingi zina kasi ya fremu inayobadilikabadilika, na hapo midomo na maneno huanza kuachana kadiri video inavyoendelea. Shotcut hulitambua faili la aina hiyo na kupendekeza iligeuze liwe rahisi kuhariri. Kubali, hata kama faili litakuwa kubwa. Halafu weka nyimbo, picha na faili la mradi kwenye folda moja. Faili la .mlt halibebi wimbo, linakumbuka tu ulipo, kwa hiyo ukilihamisha kwa flashi peke yake utakuta treki tupu huko uendako.

Wako wanaoamini kuwa kipande cha chini ya sekunde 30 hakina mwenyewe. Si kweli. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 haina kibali cha namna hiyo, na YouTube hutambua hata kipande kifupi. Video ikibaki ndani ya familia ni jambo moja, ukiipandisha mtandaoni tafuta ruhusa.

Mwisho, sikiliza kwa spika ya simu kabla ya kutuma. Besi haisikiki humo, na wimbo ulioushusha hadi -18 unaweza kutoweka kabisa chini ya hotuba. Kwa watazamaji wa simu -14 inakaa vizuri. Na ukiituma kwa WhatsApp, itume kama hati, isije ikabanwa na kupoteza ubora njiani.