Nilisomewa tarot, zile kadi za kubashiria, nikiwa na msiba, sirudi pale (sijui labda)

Kadi yenyewe sina tatizo nayo, niseme mapema kabla watu hawajaanza. Tatizo ni yule mama aliyenisomea. Ni kaduka ka ghorofani hapa London, jina silitaji, shoga yangu ndo alinipeleka baada ya baba kufariki, na kipindi kile nilikuwa natafuta popote pa kusemea.

Ikatoka Vikombe Vitano. Kama hujawahi kuiona, kuna mtu kajifunika joho jeusi kainamisha kichwa, mbele yake vikombe vitatu vimepinduka na kilichomo kimemwagika chini, nyuma yake viwili vimesimama, halafu ng'ambo ya mto kuna jumba na daraja la kuendea. Nikaiangalia koo likanikaba, maana ndivyo nilivyosimama makaburini, watu wananipa mkono hata siwaoni. Machozi yakaanza. Yule mama akagonga vile viwili na ukucha wake mrefu, ko ko ko, "si viwili vimebaki, sasa unalia nini?" Jamani! Hata pole hakuna. Kwetu mtu akifiwa unaenda kukaa naye matangani, unaweza kukaa mpaka jioni bila neno, huanzi kumhesabia ndugu waliobaki hai. Sijamjibu bado, alamu ya simu yake ikalia, muda umeisha, nikitaka kuendelea niongeze pauni 20. Nikabeba mkoba nikaondoka.

Nyumbani nikaanza kuchimba mwenyewe kwa hasira. Kumbe zile picha kachora Pamela Colman Smith mwaka 1909, humuhumu London, kapewa kazi na Arthur Waite, aliyeandika kitabu cha maana za kadi hizo, na Pamela mwenyewe aliandika kwenye barua kuwa ni kazi kubwa kwa hela kiduchu sana. Waite anasema ni kadi ya kupoteza ila kuna kinachobaki, haya, hapo mama wa watu hakudanganya. Lakini anaendelea kwamba ni kadi ya mirathi pia, urithi unaokuja pungufu ya ulivyotarajia. Nikaishiwa nguvu. Siku zilezile ndugu zangu walikuwa wanavutana kwenye simu kuhusu kiwanja cha mzee, kila mtu na hesabu zake, na kipande kilichonifikia mimi... tuyaache. Hilo ndo nililipia kuambiwa na halikutajwa kabisa!

Halafu uangalie ule mchoro vizuri, vile viwili ndani yake huoni kitu, nani kasema vimejaa? Na daraja lipo pembeni kule, limetulia, atalivuka akiwa tayari, hajawekewa saa.

Nampa nyota moja. Nilitaka nimnyime hata hiyo, ila ukweli tangu mazishi nilikuwa sijalia hata kidogo na nililia pale mezani kwake, siku ile nikalala usingizi wa maana, kwa hiyo labda mbili. Mbili na nusu basi. Hapana, nikikumbuka ule ukucha narudi palepale kwenye moja.

Kama unaenda kuulizia kazi au mchumba nenda tu, bei yake ya kuanzia si mbaya na mahali penyewe ni pasafi. Kama umefiwa usiende, au nenda na mtu wako, na hela ya ile alamu mlipe kabla hamjakaa.