Moyo, kifaa cha kusikilizia mapigo ya mtoto leba: uzoefu wangu

Mkunga mmoja mwenye akina mama sita ambao mlango wa kizazi umefunguka zaidi ya sentimita 5, akitaka kusikiliza kila mtoto kila baada ya dakika 15, atainama mara 24 kwa saa. Kwa fetoskopu, ile pembe ya kusikilizia mapigo ya mtoto kwa sikio, kila mara inakula dakika tatu hivi: kupapasa tumbo, kuweka sikio, kuhesabu dakika nzima, kunyanyuka, kuandika. Jumla dakika 72, na saa ina 60. Akichukua nafasi ndefu zaidi inayokubaliwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), yaani kila dakika 30, bado dakika 36 za kila saa zinaishia hapo, na hajapima presha, hajaweka dripu, hajapokea mtoto. Mama mmoja akianza kusukuma, wa kwake anatakiwa kusikilizwa kila dakika 5, na hesabu yote inavunjika. Hapo ndipo zinapotoka zile 140, 140, 140 zilizopangana kwenye patografu, chati ya kufuatilia uchungu, zikiandikwa bila kusikiliza. Mara nyingi si uzembe. Kazi yenyewe haienei ndani ya saa.

Moyo nakipima kwa hesabu hiyo.

Ni kifaa cha Doppler, yaani kinachonasa mapigo kwa mawimbi ya sauti, cha Laerdal Global Health ya Stavanger, Norway, kilichotokana na mradi wa Safer Births ambao ulifanya kazi na hospitali za hapa Tanzania, Haydom na Muhimbili zikiwemo. Kina probu ya kuweka tumboni na boksi dogo lenye skrini na spika. Betri ni ya kuchaji. Probu ina kristali tisa, vipande vidogo vinavyotuma na kupokea mawimbi hayo, na hizo ndizo zinazokitofautisha. Doppler nyingi za mkononi zina kristali moja au mbili, mwale wake ni mwembamba. Mtoto akijigeuza kidogo sauti inapotea, unaanza kuitafuta upya. Kristali tisa zilizotandazwa zinashika eneo pana. Ukiwa umeweka mahali sahihi, namba inatoka ndani ya sekunde 5 hivi, na probu ikifungwa kwa mkanda inaendelea kusoma hata mama akilala upande mwingine au akiinuka.

Lakini mahali sahihi ni kazi ya mikono yako. Wanaolalamika kwamba hakishiki mapigo, wengi wameruka hatua ya kupapasa tumbo. Mama akakojoe kwanza. Kisha tafuta mgongo wa mtoto uko upande gani. Kama kichwa kimetangulia, weka probu upande wa mgongo chini ya kitovu cha mama. Kama makalio yametangulia, panda juu ya kitovu. Mtoto akishuka nyonga, mapigo nayo yanashuka na kusogea katikati, hivyo probu uliyoifunga vizuri saa mbili zilizopita itasoma vibaya ukiiacha palepale. Jeli inatosha kiasi cha sarafu moja, ipakwe usawa wa probu yote. Jeli nyingi inafanya probu iteleze chini ya mkanda, na ikikauka hewa inaingia katikati, sauti inakwaruza. Ongeza tone, usikaze mkanda. Mkanda ukae wa kuingiza vidole viwili.

Sasa jambo ambalo nataka kila mkunga anayeshika Doppler yoyote alijue hata kama hatasoma kingine chochote hapa. Doppler inasikia kitu kinachotembea, haijui ni cha nani. Mishipa ya mama iko palepale tumboni, na mama aliye kwenye uchungu mkali anaweza kuwa na mapigo 110 au 120, hasa akisukuma. Kifaa kinaweza kukuonyesha 118 safi kabisa, ukaandika, kumbe ni ya mama na mtoto yuko kwenye shida au amekwisha kufariki. Sikio linasaidia kiasi: moyo wa mtoto unapiga haraka na kwa mkato, tiku-tiku-tiku, wakati mshipa wa mama unavuma, fuu, fuu, kama upepo mlangoni. Mtu aliyechoka saa kumi usiku asitegemee sikio peke yake. Moyo kimewekewa jibu: mama anagusisha vidole vyake kwenye vipande vya chuma vya kifaa, na mapigo yake yanatokea kwenye skrini pamoja na ya mtoto. Namba mbili zinazotofautiana wazi, endelea. Namba mbili zinazokaribiana, hamisha probu, shika mshipa wa mkono wa mama kwa vidole vyako, sikiliza tena. Mikono ya mama ikiwa na jasho jingi au jeli usomaji unasumbua, ifute kwanza. Kwangu hiki ndicho kipengele bora kuliko vyote, na ndicho naona kinarukwa zaidi, kwa sababu kinaomba sekunde chache za ziada na ushirikiano wa mama mwenye maumivu. Mwombe kati ya uchungu mmoja na mwingine, si wakati umekaza.

Skrini nayo imefikiriwa. Inaonyesha namba kubwa inayosomeka ukiwa umesimama miguuni pa kitanda, na grafu ya dakika 30 zilizopita. Mashine kubwa ya CTG, inayorekodi mapigo ya mtoto pamoja na mikazo ya uchungu, inakupa utepe wa karatasi unaohitaji mtu aliyefunzwa kuusoma, na karatasi zenyewe zikiisha mashine inageuka pambo. Grafu ya dakika 30 mkunga yeyote anaielewa siku ya kwanza. Faida yake kubwa iko kwenye kupokezana zamu: badala ya kuambiwa "mtoto yuko vizuri", mnasimama wawili mbele ya skrini na kuona nusu saa iliyopita ilikwendaje.

Kuna kosa la kudhani Moyo kinafupisha dakika ya kusikiliza. Hakifupishi. Bado unatakiwa kusikiliza walau dakika nzima, kuanzia uchungu ukiwa umekaza hadi sekunde 30 baada ya kuachia, kwa sababu mtoto anayechoka anajionyesha pale uchungu unapopungua: mapigo yanashuka na kuchelewa kupanda. Kinachookolewa ni muda wa kutafuta na kuhesabu. Ile ziara ya dakika tatu inakuwa kama mbili. Mara 24 ni dakika 48 badala ya 72. Inawezekana, kwa shida. Na kile ninachokithamini zaidi ya dakika hizo ni kwamba mkono wako mmoja uko huru. Uweke juu ya tumbo la mama usikie uchungu unavyokuja na kuondoka huku ukitazama namba. Ni lazima ufanye hivyo, kwa kuwa Moyo hakipimi mkazo wa mfuko wa uzazi. Mapigo yaliyoshuka hadi 90 kifaa kitakuonyesha. Yameshuka pamoja na uchungu au baada yake, hilo atalijua aliyeweka mkono tumboni. Kwenye fomu ya WHO ya 2020 ya kufuatilia uchungu kuna mstari wa kuandika aina ya kushuka kwa mapigo, na kushuka kwa kuchelewa ni alama ya hatari. Mstari huo hautajazwa na kifaa.

Kumfunga nani mkanda? Swali hili linaleta ubishi leba nyingi. Kifaa kinaweza kufuatilia mfululizo, basi kuna wanaotaka kila mama afungwe. Sikubaliani nao. WHO haipendekezi ufuatiliaji wa mfululizo wa CTG kwa mama mwenye afya njema ambaye uchungu wake umeanza wenyewe, na sababu yake, yaani upasuaji usio wa lazima, inakihusu pia kifaa chochote kinachosikiliza bila kupumzika. Mama wa kawaida asikilizwe kwa vipindi kwa probu ya mkononi, aachwe atembee. Mkanda naubakiza kwa aliye kwenye dripu ya oksitosini, dawa ya kuongeza uchungu, mwenye maji ya uzazi ya kijani, mwenye presha ya mimba, mwenye kovu la upasuaji, mwenye homa, mwenye mtoto mdogo kuliko umri wa mimba, na yule ambaye usikilizaji wa vipindi umeleta wasiwasi. Kama kifaa ni kimoja na wa hatari ni watatu, mwenye oksitosini atangulie; dawa hiyo inaweza kubadilisha hali ya mtoto ndani ya dakika chache.

Alamu inalia mapigo yakikaa nje ya kiwango. Kiwango cha kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika. Ikilia, kwanza hakikisha ni mtoto kweli na si probu iliyoteleza: tazama mapigo ya mama, sogeza probu. Ikithibitika, mlaze mama ubavu wa kushoto, funga oksitosini kama inatiririka, pima presha, ongeza maji ya dripu kama presha imeshuka, vaa gluvu upime njia ya uzazi kuona kama kamba ya kitovu imetangulia na mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani. Wakati huohuo mtu mwingine anamwita daktari. Usizime alamu ukaondoka. Naandika hili kwa mkazo kwa sababu leba yenye alamu zinazolia kwa probu zilizoteleza inazoea kelele, na siku ya alamu ya kweli hakuna anayegeuka. Dawa yake ni kupaka jeli upya na kuhamisha probu kila mtoto anaposhuka.

Hapa ndipo mipaka ya kifaa ilipo, na ushahidi wa utafiti uko wazi kuliko matangazo. Jaribio lililofanyika Kampala, likachapishwa 2015, lililinganisha Doppler ya kuzungusha kwa mkono na fetoskopu. Doppler iligundua mapigo mabaya mara nyingi zaidi, lakini vifo vya watoto havikupungua kwa kiasi cha kuthibitika. Jaribio la Tanzania la kufuatilia mfululizo kwa Moyo dhidi ya fetoskopu, lililochapishwa 2018, lilitoa picha hiyohiyo: matatizo mengi zaidi yalionekana, matokeo ya watoto hayakutofautiana vya kutosha. Kati ya kuona namba mbaya na mtoto kutoka salama kuna ngazi nyingi. Daktari yuko wapi, chumba cha upasuaji kina mtu wa usingizi, damu ipo, gari lina mafuta, kuna vakyumu ya kumvuta mtoto na mtu anayejua kuitumia. Kifaa kinakupa dakika za mapema. Zikipotelea kumtafuta mwenye funguo za stoo, mtoto hakupata kitu. Kwa hiyo, kituo kinachotaka kununua kiandike kwanza kwenye karatasi nani anafanya nini alamu ikilia usiku, kibandike ukutani, kisha kiagize. Wanaounda vifaa vya aina hii nao wajue kwamba mtumiaji wao si mkunga peke yake. Ni zamu nzima.

Kuna mtumiaji mwingine ambaye fetoskopu haikuwahi kumfikiria: mama. Kwa fetoskopu, mkunga peke yake ndiye anayesikia, mama anasoma uso wake. Kwa Moyo mama anasikia mwenyewe. Utafiti uliowauliza akina mama wa Tanzania ulionyesha wengi wakipata faraja kwa kusikia mtoto yuko hai, na kwenye kitanda inaonekana: mabega yanashuka, pumzi inatulia. Ila sauti hiyo inahitaji maelezo kabla ya kufungua spika. Mwambie kwamba sauti ikipotea ghafla mara nyingi ni probu imesogea, la sivyo atapiga kelele za hofu kila anapogeuka. Mama mwingine aliye kitanda cha pili, ambaye mapigo ya mtoto wake hayajapatikana, anasikia pia. Punguza sauti pale. Na usiache mkanda uchukue nafasi ya mkunga kukaa karibu. Mama aliyefungwa kifaa asitembelewe mara chache kuliko asiyefungwa.

Utunzaji ni mwepesi ila hausamehe. Kichomekwe kwenye chaja kila zamu inapobadilika, siyo betri ikilia. Umeme ukikatika usiku, kifaa chenye chaji nusu huenda kisifike asubuhi. Probu isidondoshwe: kristali zikipasuka, kwa nje huoni kitu, unaona tu namba zinachelewa na sauti imefifia. Baada ya kila mama futa jeli kwa kitambaa laini, kisha dawa ya kusafishia iliyotajwa kwenye maelekezo ya kifaa. Kisizamishwe kwenye ndoo ya klorini pamoja na vyombo vya kuzalishia. Mikanda ndiyo inayochafuka kwa damu na maji ya uzazi, inafuliwa na inachukua muda kukauka, kwa hiyo kila kifaa kiwe na mikanda mitatu: mmoja kwa mama, mmoja kwenye kamba, mmoja mkavu kabatini. Jeli iingie kwenye oda ya dawa ya kila robo mwaka kama gluvu zinavyoingia. Mafuta ya kula yanayopakwa jeli ikiisha yanaweza kuharibu mpira wa probu. Maji safi yanafaa kwa dakika moja ya kusikiliza, hayafai kwa mkanda.

Fetoskopu ibaki ikining'inia msumarini, na wanafunzi waendelee kufundishwa nayo kwanza. Anayeweza kupata mapigo kwa sikio lake ndiye anayeweka probu mahali sahihi mara ya kwanza.