Ancillary Justice: Meli ya Angani Ndani ya Mwili wa Mtu

Riwaya hii ya Ann Leckie, iliyotoka mwaka 2013 na kushinda tuzo za Hugo, Nebula na Arthur C. Clarke, inasimuliwa na Breq, ambaye zamani alikuwa meli ya kivita yenye akili, ikiendesha miili mingi ya binadamu kwa wakati mmoja, na sasa amebakiwa na mmoja tu. Sura zilizonivutia zaidi ni zile ambamo meli inaona hekalu, mitaa na nyumba ya luteni kwa pamoja, huku miili yake ikiimba kwa sauti mbalimbali. Kurasa za mwanzo, kwenye theluji, zinakwenda polepole mno, na msomaji mwenye haraka huenda akachoka.