Huduma ya kuandaa mashahidi, Mbeya: nzuri, ila mazoezi ni machache

Huduma hii ya ofisi moja ya uwakili jijini Mbeya ina nguvu pale penye uzito: shahidi hupitishwa kwenye maelezo aliyoandikisha polisi, mstari kwa mstari. Hapo ndipo wengi huanguka. Uliandikisha "saa mbili usiku", kizimbani ukasema "saa nne", wakili wa upande wa pili atang'ang'ania hapo hapo. Wanasisitiza useme uliyoyaona, si uliyosimuliwa, na "sikumbuki" kama ndiyo kweli. Hawakukaririshi majibu, na kwa hilo wanastahili heshima. Kasoro: maswali ya dodoso, yaani yale ya wakili wa upande wa pili, wanayapitia haraka mno. Tena hawasemi kwamba shahidi husubiri nje mpaka aitwe. Anayetoka Tukuyu abebe sweta, samansi (hati ya kuitwa mahakamani) na kitambulisho.