Uzoefu wangu na huduma ya maoni ya daktari wa pili (saratani ya tezi dume)

Naandika hii kwa wanaume wenzangu ambao wamepewa majibu juzi tu na bado usingizi hauji. Mimi PSA yangu (kipimo cha damu cha tezi dume) ilikuwa 6.8, nikapigwa MRI, wakachukua vinyama 12 kwenye tezi, majibu yakaja saratani, Gleason 3+4 (Gleason ni alama ya ukali wa saratani). Dokta wa kwanza akaniambia mzee tutoe tezi, wiki mbili zijazo kuna nafasi. Nikaitikia tu. Nilitoka pale nikiwa hata sijui 3+4 maana yake nini.

Mke wangu ndo aliniamsha. Aliichukua ile ripoti, akapigia mstari kwa kalamu nyekundu kila neno ambalo hatukulielewa, karatasi nzima ikawa nyekundu, akaniuliza wewe unaenda kukatwa kwa kitu ambacho hujakisoma?

Ndo nikaenda kwenye hii huduma. Kinachofanyika ni kwamba unaomba maabara ya kwanza watoe vile vioo vidogo walivyowekea vinyama vyenyewe (siyo ripoti peke yake, hapo wengi wanakosea), na picha za MRI kwenye CD, halafu mtaalamu mwingine wa patholojia anavisoma upya bila haraka. Ni haki yako kuviomba, usiogope kuonekana msumbufu. Mimi nilizungushwa siku kadhaa, nikarudi mpaka nikapewa.

Majibu ya pili yakasema 3+3, vinyama viwili tu kati ya 12. Kwa macho ya mtu wa kawaida tofauti ni namba moja, ila hiyo namba inakutoa kundi la pili la ukali inakuweka la kwanza, na la kwanza mara nyingi linaweza kufuatiliwa tu bila kukatwa wala kuchomwa mionzi. Kusoma vinyama kuna kukadiria ndani yake, wataalamu wawili wazuri kabisa wanaweza wasikubaliane, kwa hiyo sina kinyongo na yule wa kwanza.

Wakanikutanisha na wa upasuaji na wa mionzi siku moja. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, lakini nilienda na maswali kwenye daftari na nikayauliza yote, mkojo utavuja kwa muda gani, nguvu za kiume je, mionzi itanisumbua choo? Swali lililonisaidia kuliko yote lilikuwa hili, nikisubiri nitapoteza nini? Dokta alikaa kimya kidogo, akasema kwa hali yako si kikubwa, akanieleza utafiti wa Uingereza unaoitwa ProtecT uliotoa matokeo ya miaka 15 mwaka 2023, waliokatwa, waliochomwa mionzi na waliofuatiliwa, katika makundi yote matatu takriban 97 kati ya 100 hawakufa kwa saratani hiyo. Ila wa kufuatiliwa ilisambaa kwa wengi zaidi, na hilo alinieleza wazi bila kuzungusha, nikamheshimu.

Nikachagua kufuatiliwa. PSA kila miezi 6, MRI na vinyama tena baada ya muda. Namba zote naandika mwenyewe kwenye daftari. Mwaka huu ilipanda ghafla ikafika 9.4, roho ikanipaa, lakini nilikumbuka nilikuwa na UTI wiki iyo iyo, nikamwambia dokta kabla hajaagiza kitu, tukatibu, tukasubiri wiki 6, ikarudi 7.

Malalamiko yangu, majibu yalichelewa mno na ripoti yao imejaa lugha ya madaktari, ilibidi nirudi nieleweshwe mstari kwa mstari. Nawapa nyota 4.

Mwezi ujao nachukuliwa vinyama tena. Mke wangu ashaanza kuandika maswali, yamefika kumi na moja.